Je, Wajua? Kilima cha Waterloo Hakikuwepo Siku ya Vita

Picha ililetwa imefungwa kwenye kanga kuukuu. Bi mkubwa aliyeibeba aliiweka juu ya meza ya fundi fremu, hapa Ngamiani mjini Tanga, akaifunua taratibu kama anayefunua mkate wa kumimina ungali moto. Fremu ilikuwa imeliwa na mchwa upande mmoja na kioo kilikuwa na ufa, lakini karatasi yenyewe ilikuwa nzima. Marehemu mumewe alikuwa mpishi wa meneja wa shamba la mkonge. Mashamba yalipotaifishwa mwaka 1967, meneja alifunga virago, na vitu vya nyumbani akawagawia waliomtumikia. Mmoja alipata kabati, mwingine saa ya ukutani. Mpishi alipata picha.

"Shikamoo, bi mkubwa," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe si ndiye unayeandika mambo ya kale? Hebu nisaidie, mjukuu wangu kanitia mashaka."

Mjukuu huyo, kijana wa kidato cha tatu, alitazama kwenye simu video inayoeleza jinsi vita vya Waterloo vilivyopiganwa. Akaona mashamba ya nafaka, nyumba za wakulima, na mwinuko mrefu usio mkubwa. Kilima hakukiona. Nayo picha ya bibi yake, aliyoizoea ukutani tangu anatambaa, katikati yake pana kilima kirefu kilichochongoka, na juu kabisa kasimama mnyama. Chini yameandikwa maneno ya Kifaransa: Champ de bataille de Waterloo, yaani uwanja wa vita wa Waterloo. "Bibi, picha yako inasema uongo," akamwambia. Maneno hayo yalimchoma.

Picha haisemi uongo, na video nayo haikukosea. Kilima kile hakikuwepo siku ya vita. Kilijengwa na mikono ya watu baadaye.

Vita vyenyewe vilipiganwa tarehe 18 Juni 1815, kusini mwa Brussels, katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji. Napoleon wa Ufaransa alishindwa na majeshi yaliyoongozwa na Wellington wa Uingereza, pamoja na Waprusia, yaani Wajerumani wa dola ya Prusia, wa jenerali Blücher waliowasili alasiri. Katika siku hiyo moja, watu zaidi ya 40,000 waliuawa au kujeruhiwa. Lakini kwa swali letu, jambo la kushika ni ule mwinuko. Wellington alijipanga kwenye mwinuko wa Mont-Saint-Jean, na askari wake wengi akawaweka kwenye mteremko wa nyuma, mahali ambapo Wafaransa hawakuweza kuwaona. Mizinga ya Napoleon ikawa inapiga watu isiowaona, na makombora mengi yakazama kwenye tope la mvua ya usiku uliotangulia. Mtu angeweza kuupanda mwinuko ule bila hata kuhema. Hata hivyo ulitosha kuficha jeshi zima.

Mwaka 1820, Mfalme Willem wa Kwanza wa Uholanzi, aliyekuwa akitawala Ubelgiji pia wakati huo, aliamuru ujengwe mnara wa kumbukumbu mahali ambapo mwanawe, Mwanamfalme wa Orange, aliaminika kupigwa risasi ya bega. Kazi ilikamilika mwaka 1826. Ni kilima cha udongo cha mita 40 na ushei, kama minazi miwili mirefu ikibebana, chenye ngazi 226. Juu yake yupo simba wa chuma cha kusubu mwenye uzito wa tani 28, kaweka mguu mmoja juu ya tufe, uso kauelekeza Ufaransa. Huyo ndiye mnyama wa kwenye picha ya bi mkubwa.

Udongo wote huo ulitoka wapi? Palepale. Karibu mita za ujazo 300,000 zilichimbwa uwanjani, na sehemu kubwa ikatolewa kwenye ule mwinuko uliowaficha askari wa Wellington. Tipa letu la mchanga la mita za ujazo 10 lingelazimika kwenda safari 30,000. Wao walikuwa na mikokoteni, farasi na migongo ya watu. Husimuliwa kwamba hata wanawake wabebaji wa Liège, waliozoea kubeba makaa ya mawe kwa makapu ya mgongoni, walikuwemo katika kazi hiyo.

Kwa msomaji wa Tanga, jambo hili nalieleza hivi. Novemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kikosi cha Waingereza cha watu karibu 8,000 kutoka India kilishuka Raskazone kuja kuuteka mji huu. Waliokuwa wakiulinda, wengi wao askari Waafrika chini ya maofisa Wajerumani wa kamanda Lettow-Vorbeck, walikuwa karibu 1,000. Nyuki tunawakumbuka sote, jinsi walivyovurugwa na risasi wakawavamia watu. Lakini walinzi pia walijikinga kwenye reli, pale njia ya treni ilipochimbwa chini ya usawa wa ardhi mashariki mwa mji wa wakati ule. Sasa fikiria aje mtu aseme anataka kuvikumbuka vita hivyo, kisha alisawazishe bonde lile la reli kwa majembe ili apate udongo wa mnara. Mnara utauona kutoka baharini. Ila ukisimama pale na mwanao, utamwonyesha nini? Utamwambiaje kwamba hapa ndipo watu walipoinama risasi zikiwapita juu?

Waterloo ndivyo ilivyofanywa, na mimi naona ni hasara kubwa. Inasimuliwa kwamba Wellington mwenyewe alilalamika kuwa wameuharibu uwanja wake wa vita. Ushahidi bado umesimama karibu na kilima: nguzo ya kumbukumbu ya Alexander Gordon, msaidizi wa Wellington aliyekufa kwa majeraha ya vita hivyo. Ndugu zake waliisimamisha mwaka 1817, kabla ya uchimbaji. Wachimbaji walipofika hapo waliizunguka wakaiacha, na leo nguzo hiyo imekaa juu ya kituta chake peke yake, lazima upande ngazi kuifikia. Ardhi iliyo chini ya nguzo ndiyo inayokuonyesha mwinuko ulifika wapi mwaka 1815. Kote pembeni umeondoka.

Bi mkubwa alinisikiliza, kisha akauliza swali lililonifurahisha kuliko la mjukuu wake: "Na hii, imechorwa kwa mkono au imepigwa chapa?"

Fundi saa wa jirani alituazima lenzi yake, ile anayoibana kwenye jicho. Kwanza niliiweka juu ya kalenda ya ukutani. Ndani ya lenzi, uso wa mtoto kwenye kalenda uligeuka vidoa vya duara vya buluu, vyekundu, vya njano na vyeusi, vimepangwa sawasawa kama shanga. Hivyo ndivyo mashine za leo zinavyochapa. Kisha nikairudisha kwenye picha. Anga yake, ambayo kwa macho matupu ni kijivu laini kama moshi, ikawa chembechembe nyeusi zisizofanana hata mbili, kama masizi yaliyopanguswa juu ya msasa. Rangi ya kijani ya majani ilikuwa imepakwa juu ya wino, na mahali pamoja imevuka mstari wa nyumba. Kwa hiyo majibu yake ni mawili: mchoro umepigwa chapa, rangi zimetiwa kwa mkono. Nazo zile chembechembe ni alama ya jiwe.

Ndiyo, jiwe. Uchapaji huu unaitwa litografia, kutokana na maneno ya Kigiriki ya jiwe na kuandika. Aliyeugundua ni Alois Senefelder wa Munich, mwandishi wa tamthilia aliyekuwa akitafuta njia nafuu ya kuchapa kazi zake. Alisimulia mwenyewe kwamba mwaka 1796 mama yake alihitaji orodha ya nguo za dobi, karatasi haikuwepo karibu, akaiandika juu ya jiwe kwa wino wenye mafuta. Miaka miwili baadaye alikuwa ameshaipata siri nzima.

Siri hiyo kila aliyeosha sufuria la samaki bila sabuni anaijua: mafuta na maji havipatani. Fundi analisaga jiwe la chokaa kwa mchanga na maji mpaka liwe bapa, lenye ukwaruzo mdogo mno. Anachora juu yake kwa kalamu ya nta, sabuni, mafuta ya mnyama na masizi. Anachora kinyume, kulia kuwe kushoto, kama uonavyo kwenye kioo. Kalamu inapopita juu ya ukwaruzo ule, mafuta yanashika kwenye vinundu na kuruka vishimo, ndiyo maana tuliona chembechembe. Halafu anapaka gundi ya mgunga iliyotiwa tindikali kidogo, ili sehemu zisizochorwa zipende maji na kuyakataa mafuta. Kuanzia hapo jiwe lenyewe linajua la kufanya. Analilowesha, maji yanakaa pasipo na mchoro. Anapitisha rola ya wino wa mafuta, wino unakimbia maji na kung'ang'ania mchoro. Analaza karatasi, anagandamiza kwa mashine, anaibandua. Analowesha tena, anapaka wino tena. Nakala baada ya nakala, na jiwe likichoka kwa mchoro huo linasagwa upya na kuchorwa mwingine.

Jiwe lililopendwa kuliko yote lilitoka Solnhofen, Bavaria, nchini Ujerumani. Ni chokaa laini iliyotuama tabaka kwa tabaka kwenye maji ya bahari miaka kama milioni 150 iliyopita. Mawe ya mapango yetu ya Amboni nayo ni chokaa ya zama hizohizo za Jurasi, na jambo hili hunisisimua kila nikipita njia ile. Chokaa ya Solnhofen ina chembe ndogo kiasi kwamba imehifadhi hata alama za manyoya: mnyama wa kale mwenye mabawa aliyepatikana humo alipewa mwaka 1861 jina la Archaeopteryx lithographica, kwa heshima ya jiwe la wachapaji.

Kilima kilipomalizika mwaka 1826, uchapaji huu ulikuwa umekwisha enea Ulaya, tena kwa bei ya chini kuliko kuchonga bamba la shaba. Wageni walikuwa wakimiminika Waterloo na kila mmoja alitaka kurudi nyumbani na picha. Ya bi mkubwa, kwa hiyo, haikuchorwa kabla ya kilima kuwepo. Pia, chini ya kilima hakuna lile jengo la duara lenye mchoro mkubwa wa vita lililofunguliwa mwaka 1912, na hiyo ni dalili kwamba ilichorwa kabla yake. Kwenye pembe ya chini kuna herufi "Lith.", kifupi cha litografia, ambazo huandikwa pamoja na jina la aliyechora juu ya jiwe au la mwenye kiwanda cha uchapaji. Jina lenyewe limeliwa na unyevu.

Unyevu ndio adui wa Tanga. Fundi alipobandua ubao wa nyuma tulikuta karatasi imeingia madoa ya kahawia kama chai. Nikamshauri bi mkubwa asiirudishe kwenye ule ukuta unaopigwa na upepo wa bahari, jua lisiifikie, na kioo kisigusane na karatasi. Fundi akasema atakata fremu mpya ya mninga, hii kuukuu aitupe jalalani kabla mchwa hawajahamia mbao zake nyingine.

"Usitupe," akasema bi mkubwa. "Kata kile kipande cha juu kisicholiwa, unipe. Huo msumari alipigilia yeye."