Bolti iliyoshika kutu haihitaji bomba refu

Huku Uganda kwa mafundi wengi wa boda utasikia hivi, bolti ya injini ikigoma we chomeka bomba refu kwenye spana uvute, itaachia tu. Inaeleweka, mana kwenye nati za tairi la lori bomba linasaidia kweli. Ila bolti nyingi za kava ya injini ya boda uzi wake, ile sehemu yenye mistari inayojizungusha ndani, una unene wa milimita 6 tu, ukiipima hata kwa rula utaona, na hiyo ukiivuta kwa bomba inakatikia ndani halafu kazi ya dakika 10 inageuka ya kutoboa na drili, inauma jamani. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, ndo mana inabana. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu ulaze usiku kucha, gonga kichwa taratibu, kaza kidogo ndo ufungue. Ikikataa pasha moto kava, petroli ikiwa mbali kabisa na usizidishe moto, sili za mpira zisiungue. Moto unasaidia sababu kava ni aluminiamu, na ikipata joto inatanuka karibu mara 2 ya chuma cha bolti, hivyo inailegeza. Huamini ni aluminiamu? Weka sumaku, itanasa bolti, kava haitanasa. Wakati wa kurudisha paka grisi kidogo kwenye uzi.