Tazama Kabla ya Kuosha: Madini Madogo ya Mirerani Chini ya Hadubini

Jiwe la Mirerani, machimbo ya tanzanaiti mkoani Manyara, likitoka shimoni huwa jeusi tii kwa kinywe (grafaiti). Cha kwanza anachofanya kila mtu, tangu mchekechaji hadi broka, ni kulisugua kwa brashi na sabuni mpaka buluu ionekane. Kwa muuza tanzanaiti hiyo ni akili. Kwa sisi tunaokusanya madini madogo ya kutazamwa kwa hadubini, hasara inaanzia hapo, maana kinachokwenda na maji ndicho tulichokuwa tunakitafuta.

Ushahidi ni merelaniaiti, madini yaliyotangazwa mwaka 2016 na kundi la watafiti lililoongozwa na John Jaszczak wa Michigan, Marekani. Asili yake ni mgodi wa Karo, Kitalu D, na Chama cha Kimataifa cha Wanamadini kiliyachagua kuwa madini ya mwaka huo. Ni vijinywele vya kijivu iliyokolea, vyenye mng'ao wa chuma. Kila kimoja ni tabaka za salfaidi ya molibdenamu na risasi, pamoja na vanadiamu na antimoni kidogo, zilizojiviringisha kama mkeka uliokunjwa. Unene ni wa unywele wa kichwani au pungufu, na urefu kwa kawaida hauzidi milimita moja. Tanzanaiti inachimbwa hapo tangu mwaka 1967. Piga hesabu mwenyewe ni vijinywele vingapi vimeshatolewa kwa mswaki.

Basi tuanze na chombo. Hadubini ya shule, ile ya kutazamia seli kwa mara 100 na 400, haifai: lenzi inakaribia kugusa jiwe na mwanga unatokea chini. Unachohitaji ni hadubini ya stereo, yenye njia mbili za mwanga, inayokuonyesha kina cha jiwe. Zumu ya 0.7 hadi 4.5 pamoja na lenzi za macho za mara 10 zinakupa ukuzaji wa mara 7 hadi 45, na hiyo inatosha kabisa. Ukuzaji mkubwa zaidi unapunguza kina kinachoonekana sawasawa mpaka unaona ncha ya fuwele bila shina lake. Lenzi za macho zikiwa na namba ya uwanja 20 (upana wa mwonekano kwa milimita, unaougawanya kwa zumu), zumu kwenye 2 inakuonyesha duara la milimita 10. Kwenye 4, milimita 5. Utafutaji ufanye kati ya mara 10 na 15, kisha panda pale tu unapoona kitu.

Nafasi kati ya lenzi na jiwe huwa karibu milimita 100. Ukitaka nafasi zaidi ya kuingiza kibano na taa, funga lenzi ya nyongeza ya 0.5, nafasi itaongezeka sana lakini ukuzaji utapungua kwa nusu. Wanaoishi Dar, Tanga au Mombasa wakumbuke ukungu: hadubini iliyofunikwa kwa mfuko wa nailoni mahali penye joto na unyevu huota kuvu ndani ya lenzi, na kuvu huila kioo. Iweke kwenye sanduku linalofunga vizuri lenye pakiti za silika za kufyonza unyevu, uzikaushe zikibadilika rangi.

Mwanga ni muhimu kuliko lenzi, na hapa sitanii. Taa ya duara inayofungwa kuzunguka lenzi inauzwa pamoja na hadubini nyingi, nayo ndiyo mbaya kuliko zote kwa kazi hii, kwa sababu inamulika pande zote sawa na kufuta vivuli, na bila kivuli huoni uso wa fuwele unaishia wapi. Tumia taa mbili ndogo za LED zenye shingo inayopindika. Moja iweke chini kabisa upande wa kushoto, karibu sambamba na meza. Ya pili iweke juu upande wa kulia, uizibe kwa kipande cha karatasi ya kuokea keki ili mwanga utulie. Kinywe na salfaidi hurudisha nuru kama kioo, kwa hiyo zungusha jiwe polepole: uso uliokuwa mweusi utawaka ghafla, na hapo ndipo umbo linapojionyesha.

Sasa kutazama kwenyewe. Shika jiwe kwenye kingo, liweke kwenye sinia yenye karatasi nyeusi, na usilipulizie kwa mdomo. Pumzi ina mate na nguvu ya kutosha kung'oa kijinywele. Pita kila pango, hasa nafasi zilizo kati ya madini ya prenaiti na kalsaiti, na pale vipande vya kinywe vinapokutana na madini ya stilbaiti au kabazaiti. Ukiona kitu, piga jiwe zima picha kwa simu na uchore mshale juu yake. Bila mshale huo utapoteza nusu saa kesho ukitafuta pango lile lile.

Jiwe lenye kijinywele chochote halioshwi. Mengine yafuate ngazi: kwanza puto la mpira la kupulizia vumbi, kisha brashi laini ya rangi, kisha maji yenye tone moja la sabuni ya vyombo. Suuza mwisho kwa maji ya mvua au yaliyochujwa kwa mvuke. Ya bomba na ya kisima yakikauka huacha madoa meupe ya chumvi, na chini ya hadubini doa hilo linafanana sana na zeolaiti changa (kundi la madini lenye stilbaiti na kabazaiti). Mashine ya kuoshea kwa mtetemo iache. Tanzanaiti hupasuka kirahisi upande mmoja, na mtetemo unamaliza kazi ambayo baruti ya mgodini iliianza.

Asidi ndiyo kosa baya kuliko yote. Kitabu chochote cha wakusanyaji kitakwambia kalsaiti inayoziba fuwele huondolewa kwa asidi ya hidrokloriki. Kwa mawe ya kwingine sawa. Mirerani ina alabandaiti, yaani salfaidi ya manganizi, na wutzaiti, salfaidi ya zinki. Zote mbili zikikutana na asidi hutoa haidrojeni salfaidi, ile gesi ya mayai yaliyooza, ambayo ni sumu na ambayo pua huacha kuinusa ikizidi. Alabandaiti inaharibika hata kwenye siki. Asidi ya hidrokloriki pia hula apataiti, madini mengine ya hapo. Ukitaka kuondoa kalsaiti, ing'oe kwa sindano ya cherehani iliyochomekwa kwenye kipande cha mti, chini ya hadubini, chembe kwa chembe. Inachosha, lakini hakuna kinachoyeyuka kwa bahati mbaya.

Kutofautisha madini ndiyo sehemu tamu. Chukua kijani kwanza. Tsavoraiti na daiopsaidi hutoka mgodi mmoja, na zikiwa na ukubwa wa punje ya sukari hata broka mzoefu anayumba. Tafuta vipande viwili vya plastiki ya polaraizi, ile inayopitisha mwanga unaotetemeka upande mmoja tu. Kioo cha kikokotoo kibovu kinavyo. Kimoja kiweke chini ya fuwele juu ya taa, kingine kishike chini ya lenzi, ukizungushe mpaka nyuma pawe peusi. Sasa zungusha fuwele. Tsavoraiti, kwa kuwa ni ganeti, itabaki nyeusi, au itaonyesha mabaka hafifu ya kijivu tu. Daiopsaidi itawaka na kuzima mara nne katika mzunguko mmoja kamili. Jaribio hili linashindwa fuwele ikiwa nene kiasi cha kutopitisha nuru, au ikiwa bado imekaa juu ya jiwe mama.

Kwa tanzanaiti tumia kipande kimoja tu cha polaraizi na uitazame fuwele kutoka pande tofauti. Isiyopashwa moto hutoa rangi tatu: buluu, zambarau, na ya tatu inayoelekea kahawia. Iliyopashwa hiyo ya tatu huwa imepotea. Mtu akikuuzia fuwele ya milimita 3 kwa bei ya "rangi ya asili", sasa unajua pa kuangalia.

Kundi la weusi ni gumu zaidi. Kinywe ni vibapa vya pembe sita, laini, kinachora karatasi kama penseli. Alabandaiti hufanana nacho kwa mbali, lakini ukisugua kipande kilichovunjika nyuma ya kigae cha ukutani kinaacha unga wa kijani chafu, na hakuna mwingine hapo anayefanya hivyo. Wutzaiti ina piramidi za pembe sita zenye mistari ya kukata upande, na kingo zake zikimulikwa kwa nyuma huwa za kahawia. Merelaniaiti kwa kawaida hudhaniwa kimakosa kuwa uzi wa nguo au unywele wa brashi. Uzi hupitisha nuru kidogo na hujikunja ovyo. Merelaniaiti haipitishi nuru, inang'aa kama risasi iliyokatwa sasa hivi, na shina lake mara nyingi limeota juu ya fuwele. Hata hivyo macho hayatoshi kuthibitisha salfaidi ndogo za aina hii. Mpaka ipimwe maabara, kwenye lebo andika "yadhaniwa".

Kukata jiwe ni kwa jiliwa, si kwa nyundo. Mshtuko wa nyundo hupita jiwe zima na kuangusha fuwele upande wa pili ambao hukuupiga. Chora mfereji kwa tindo kuzunguka mahali unapotaka likatike, lifunge kwenye jiliwa kati ya patasi mbili kuukuu zinazotazamana, kisha kaza polepole. Funika kwa mfuko laini kabla, kwani kipande kitaruka. Ukikata kwa msumeno, fanya kazi na maji: vumbi la kwatsi huua mapafu.

Kupachika kuna mambo machache, ila kila moja lina sababu. Kisanduku cha plastiki cha milimita 25 chenye sakafu nyeusi hutumiwa sana. Ukikikosa, kisanduku kidogo cha pete kinafaa. Mguu ukate kutoka kijiti cha mishikaki na uupake rangi ya ubao wa shule, maana haing'ai. Kata urefu ambao utaiacha ncha ya fuwele milimita 3 au 4 chini ya kifuniko. Gundi iwe nyeupe ya seremala, tone la ukubwa wa kichwa cha pini, kwa sababu ukikosea unailainisha kwa maji. Super glue hutoa mvuke unaoganda juu ya fuwele kama ukungu mweupe, na hautoki. Gundi yoyote iache saa 24 kabla ya kufunga, na kisanduku ulichokipaka rangi kiache wazi wiki nzima. Kifuniko usikifute kwa kitambaa kikavu: plastiki huingia umeme tuli, na kijinywele cha merelaniaiti kitaruka na kunata juu yake. Futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo.

Kuhusu kupata mawe: Mirerani imezungushiwa ukuta wa kilomita 24 tangu mwaka 2018, na Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inataka mwenye madini awe na uhalali wa kuwa nayo. Nunua kwenye soko la madini, dai stakabadhi, na kabla ya kutoa chochote nje ya nchi ulizia ofisi ya Tume ya Madini. Mwombe muuzaji mawe ambayo hayajaoshwa. Atacheka, halafu atakupunguzia bei.

Lebo iende chini ya kisanduku siku hiyo hiyo: jina la madini, madini yaliyo pamoja nayo, Mirerani, Simanjiro, Manyara, herufi ya kitalu na kina cha shimo kama muuzaji anakijua, tarehe, na namba inayolingana na daftari. Andika kwa penseli au wino usiofutika kwa maji. Wino wa kalamu ya jeli hupauka, na baada ya miaka michache unabaki na kijiwe kizuri kisicho na kwao.