Je, wajua kwa nini kima punju hula mkaa?

Kandokando ya msitu wa Jozani, Unguja, kima punju hushuka mtini, huokota kipande cha mkaa kwenye kisiki kilichoungua au palipokuwa na tanuri, hukaa na kukitafuna. Ndiye yule kima wa mgongo mwekundu ambaye kidole gumba chake kimebaki kinundu tu. Asili yake ni Unguja peke yake.

Miaka mingi niliamini anatafuta chumvi, kama mbuzi alambaye ukuta, na niliwaeleza hivyo wageni wengi. Maelezo hayo yanavutia kwa sababu wazee wetu walipata magadi kwa kuchoma majani. Lakini kuni zikiungua, chumvichumvi nyingi hubaki kwenye majivu. Mkaa wenyewe sehemu kubwa ni kaboni. Tena, kima wa ndani ya msitu nao wanahitaji chumvi, ilhali walaji wakubwa wa mkaa ni wale wa mashambani. Kushiba nako si sababu: mkaa hausagiki tumboni, hutoka kama ulivyoingia.

Jibu limo kwenye majani. Mashambani kima hula sana majani machanga ya mwembe na mkungu, miti iliyoletwa na watu. Yana protini nyingi, lakini pia yamejaa fenoli, kemikali chungu zinazoing'ang'ania protini isimeng'enywe.

Hapo ndipo mkaa unapofanya kazi. Usiufikirie kama sifongo inayonyonya maji. Fikiria kanga iliyopita kwenye kishonanguo: mbegu haziingii ndani ya uzi, hunata juu yake. Mkaa umejaa vitundu vidogo mno, na kuta za vitundu hivyo ndizo kanga yenyewe, iliyokunjwa mara elfu ndani ya kipande cha ukubwa wa kokwa. Fenoli hunata humo na kutoka na kinyesi. Ndiyo maana hospitali nazo humpa mkaa maalumu mtu aliyemeza aina fulani za sumu.

Mwaka 1997 mtafiti wa kima Thomas Struhsaker na wenzake walichapisha vipimo vya mkaa huo: kweli ulinasa fenoli za majani hayo. Vilifanyika maabara, si tumboni mwa kima, kwa hiyo ni ushahidi mzuri bila kuwa wa mwisho.

Na si kila kundi hula mkaa. Inaelekea watoto hujifunza kwa kuwatazama mama zao wakitafuna.