Sigara Haikumpa Camarón Sauti Ile

Wanafunzi wanaokuja kwangu kujifunza kuimba flamenko, muziki wa kusini mwa Hispania, huja na hadithi moja: mwimbaji Camarón de la Isla alivuta sigara mfululizo, akatumia heroini, na ndiyo sababu sauti yake ilikuwa na mkwaruzo unaochoma moyo. Wengine wameshaanza kuvuta ili "kukomaza" koo. Nimelisikia hili mara nyingi mno, na linaumiza watu.

"Sauti ile ilitengenezwa na moshi"

Hapana. Fuata maisha yake uone. Camarón, jina lake halisi José Monge Cruz, alizaliwa San Fernando, mkoani Cádiz, kusini mwa Hispania, tarehe 5 Desemba 1950, katika familia ya Wagitano, yaani Waroma wa Hispania. Baba yake alikuwa mhunzi. Mama yake, Juana Cruz, alisuka vikapu na alijua kuimba hasa, na nyumbani kwao walipita waimbaji wakubwa wa enzi hizo. Mtoto alikaa akisikiliza. Angali mdogo alikuwa akiimba Venta de Vargas, mkahawa wa hapo hapo mjini, ili apate chochote cha kupeleka nyumbani. Albamu yake ya kwanza na mpiga gitaa Paco de Lucía ilitoka 1969, naye ana miaka 18. Isikilize: mkwaruzo umo tayari. Ni moshi gani uliokuwa umeshafanya kazi hiyo kwenye koo la kijana yule?

Mkwaruzo mzuri ni ufundi. Mwimbaji hubana kidogo njia iliyo juu ya nyuzi za sauti huku pumzi ikipanda kwa kipimo kutoka chini, kisha huachia anapotaka. Camarón aliweza kuanza mstari kwa sauti safi, akaukwaruza katikati, akaumaliza safi tena. Koo lililoharibiwa na sigara haliwezi hivyo. Nyuzi huvimba na kuwa nzito, sauti hushuka, na noti za juu hutoweka, wakati huko juu ndiko flamenko inakodai zaidi. Mkwaruzo wa namna hiyo haukuulizi uanze lini wala ukome wapi.

Sigara ilimpa kitu kingine. Alifariki Badalona tarehe 2 Julai 1992 kwa saratani ya mapafu, akiwa na miaka 41. Miaka ambayo waimbaji wengi wa flamenko huwa ndio kwanza wameiva, yeye hakuipata, na sisi hatukuisikia. Kwa hiyo mwanafunzi akiniletea sauti iliyokauka zaidi ya wiki tatu akiita "ladha ya Kihispania", simfundishi siku hiyo. Namtuma kwa daktari wa masikio, pua na koo.

"Hiki ni kipaji, hakifundishwi"

Kipaji alikuwa nacho. Lakini pia aliimba kwa miaka mingi usiku baada ya usiku Torres Bermejas, ukumbi wa flamenko jijini Madrid, mbele ya wateja waliokuwa wakila. Solea na buleria, mitindo miwili ya flamenko, huzunguka kwa mapigo 12, na mkazo haukai pale sikio geni linapoutarajia. Kwangu hakuna anayefungua mdomo kuimba kabla hajapiga makofi ya mzunguko huo bila kupotea. Wanalalamika. Wapige makofi.

"Lazima uwe Mgitano"

Paco de Lucía hakuwa Mgitano. Waimbaji Antonio Chacón na Enrique Morente hawakuwa pia. Sote tuna deni kubwa la heshima kwa Wagitano wa Andalusia, eneo la kusini mwa Hispania, na deni hilo hulipwa kwa kusoma kazi zao kwa makini.

"Aliiharibu flamenko kwa La leyenda del tiempo"

Albamu hiyo ya 1979 ilileta ngoma, gitaa la besi, hata sitari, chombo cha nyuzi cha Kihindi, pamoja na mashairi ya mshairi Mhispania Federico García Lorca. Paco hayumo, gitaa limeshikwa na Tomatito. Ilipotoka iliuzwa kidogo, na wapenzi wa flamenko ya kale walikasirika. Leo inahesabiwa miongoni mwa kazi kuu za muziki huo, na ni haki yake, maana chini ya vyombo vyote hivyo kuna mitindo ya flamenko kama alegria, tango na buleria, yenye mapigo yaliyo mahali pake. Anayedai Camarón aliacha asili aanze na "Bahía de Cádiz", wimbo wa albamu hiyo, apige makofi tangu mwanzo hadi mwisho, kisha anionyeshe ni wapi mzunguko umevunjika.