Isis mezani: mganga, mzazi na nge saba

Mara ya kwanza nilipomleta Isis, mungu wa Misri ya kale, kwenye meza yetu ya mchezo wa kuigiza hadithi kwa dadu, nilimtambulisha kama "mungu wa kike wa uchawi na uzazi". Mchezaji mmoja akaweka dadu chini, akacheka. "Mungu wa uchawi? Sasa huyu tunamwabudu au tunamkimbia?"

Swali lilikuwa la haki. Vitabu vya Dungeons & Dragons, mchezo wenyewe, vimeandikwa kwa Kiingereza, lugha yenye neno moja, *magic*, linalobeba uchawi na uganga pamoja, nami nilikuwa nimechukua tafsiri ya kwanza iliyonijia. Kwetu mchawi analoga, mganga anaagua, na hakuna anayewachanganya wawili hao. Miaka kadhaa sasa ninaendesha mchezo huu kwa Kiswahili, na sijakutana na mungu aliyenilazimisha kufikiria lugha yangu kama huyu.

Kwa asiyemjua: katika Forgotten Realms, mmoja wa ulimwengu wa kubuni wa mchezo huu, kuna nchi iitwayo Mulhorand, upande wa mashariki wa bara la Faerûn. Watu wake walitekwa kutoka ulimwengu mwingine na wachawi wa dola ya Imaskar (hao waite wachawi bila wasiwasi), wakapitishwa kwenye malango na kufanywa watumwa. Miungu yao ikawafuata huko huko. Ndiyo maana Isis, Osiris na Horus wanaishi jirani na mazimwi. Kitabu cha mchezaji cha mwaka 2014 kinampa Isis mstari mmoja tu kwenye jedwali la miungu ya Misri: uzazi na nguvu za ajabu, mwelekeo mwema, nyanja za Elimu na Uhai (aina za nguvu anazowapa makuhani wake), alama ya ankh, yaani msalaba wenye kitanzi juu, na nyota. Basi. Mwendesha mchezo ndiye anayebaki na kazi ya kuunganisha uzazi na hizo nguvu, na wengi wetu hatuunganishi. Tunachora mama mpole mwenye tabasamu upande huu, bingwa wa matabano upande ule. Wangu wa kwanza alikuwa hivyo hivyo, na baada ya vikao viwili hakuna aliyemkumbuka.

Dawa niliipata Misri yenyewe. Wamisri wa kale walikuwa na neno *heka*, nguvu iliyokuwepo tangu uumbaji na isiyo na ubaya wala wema ndani yake. Tabibu aliitumia, kuhani aliitumia. Kwa Isis, mara nyingi tunaiona ikifanya kazi juu ya mtoto anayeumwa.

Jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, lina jiwe la karne ya nne kabla ya Kristo linaloitwa nguzo ya Metternich. Limechongwa matabano kutoka juu hadi chini, dhidi ya sumu ya nge na nyoka. Mawe ya namna hiyo yalimwagiwa maji, maji yakapita juu ya maandishi, kisha mgonjwa akanywa. Msomaji wa pwani ameshatabasamu: ni kombe. Sisi tunaandika aya kwa zafarani kwenye sahani, tunaosha kwa maji ya waridi, mgonjwa anakunywa. Dini ni nyingine kabisa na sidai kwamba hili limezaliwa na lile, lakini nikisema hivyo mezani sihitaji kueleza zaidi.

Juu ya jiwe hilo Isis anasimulia mwenyewe. Anasafiri akisindikizwa na nge saba. Anafika kwa mwanamke tajiri, mlango unafungwa usoni pake. Msichana maskini wa vinamasini anamfungulia. Nge wanakasirika, sita wanampa mwenzao Tefen sumu yao yote, naye anapenya chini ya mlango na kumuuma mtoto wa yule tajiri. Mama anazunguka mjini akilia na hakuna anayemwitikia. Isis anamhurumia. Anamwekea mtoto mikono, anaita nge mmoja mmoja kwa jina na kuamuru sumu ishuke chini. Mtoto anapona.

Kisha, kwenye jiwe hilo hilo, Horus mwanawe anaumwa na nge, na Isis hawezi kitu. Anapiga ukelele mpaka jahazi la jua linasimama angani na Thoth, mungu wa elimu, anashuka kumponya mtoto. Mganga hajigangi.

Wala si malaika. Hati ya mafunjo iliyoko Turin inasema alikanda udongo na mate ya Ra, mungu wa jua aliyekuwa mzee, akaumba nyoka, akamtega njiani. Ra alipoumwa, Isis akamwambia: nitajie jina lako la siri ndipo nikuponye. Kwa Kiswahili changu huo ni uchawi mtupu, na jina alilipata. Wapo wanaomsafisha kwa kuiacha hadithi hii. Mimi naiweka, kwa sababu Ra alimruhusu alipitishe jina hilo kwa Horus, na mzazi anayemtafutia mwanawe kiti cha enzi hachagui silaha.

Kwa hiyo mezani kwangu kuhani wa Isis haponyi sumu kwa kurusha dadu peke yake. Lazima kwanza ajue jina la kilichouma. Na hawezi kumponya mtu wa damu yake. Aende kwa kuhani mwingine, hata wa mungu asiyempenda.

Mwezi uliopita kikundi changu kilikuwa kimelala kwenye nyumba ya tajiri mmoja wa Mulhorand. Usiku nikagonga meza mara tatu.

"Hodi."

Nikawaeleza: bibi mmoja, nguo zina vumbi, amebeba kapu lililofunikwa kitambaa, na kitambaa kinacheza. Mwenye nyumba akawaambia wageni wake wasifungue. Wakabishana dakika kumi nzima. Mpiganaji alitaka kufungua, mwizi akasema usiku hafunguliwi mtu, na kuhani, yule yule aliyenicheka mwanzo, akanyamaza. Hawakufungua.

Asubuhi mtoto wa nyumba alikuwa anachomwa na homa, mguu umevimba. Kuhani akainua dadu ya pande ishirini, akaishika, hakuirusha.

"Lile kapu," akasema. "Mle ndani walikuwa wangapi? Na huyu aliyeuma, anaitwa nani?"