Sabuni ya kunyolea ya mafuta ya mimea: maswali ya anayenyoa kila siku

Anayenyoa ndevu kila asubuhi hupitisha wembe juu ya ngozi ileile zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Wembe unakata ndevu, lakini unakwangua na ngozi ya juu vilevile, na kinga yako pale ni povu tu. Maswali haya yanahusu sabuni za kunyolea za kienyeji, zile zinazokorogwa kwa brashi, zilizotengenezwa kwa mafuta ya mimea badala ya shahamu ya ng'ombe.

Kwani siwezi kunyolea sabuni ya kuogea?

Unaweza, ila utaumia. Sabuni yoyote ni mafuta yaliyochanganywa na alkali. Mche wa kuogea hutengenezwa kwa kostiki soda, yaani haidroksidi ya sodiamu. Hutoka mgumu, na povu lake huja upesi na kuondoka upesi. Sabuni ya kunyolea hutiwa pia haidroksidi ya potasiamu, ndiyo maana ni laini na huyeyuka mara brashi inapoigusa. Tena huwa na asidi ya steariki, mojawapo ya asidi zinazounda mafuta, kwa wingi, na hiyo ndiyo inayolifanya povu liwe zito na likae usoni hadi umalize. Viputo vikubwa vya sabuni ya kuogea hupasuka, wembe ukakuta ngozi tupu.

Ya mimea inaifikia ile ya shahamu?

Inaifikia, ikiwa aliyeitengeneza anajua kazi yake. Kinacholipa povu tabia yake ni aina ya asidi zilizomo ndani ya mafuta. Asidi hizo ni zilezile, ziwe zimetoka kwa ng'ombe au kwenye tunda. Katika shahamu ya ng'ombe, steariki ni kama moja ya tano. Katika mawese ni kama asilimia 5 tu. Kwa hiyo sabuni ya mawese matupu hupungukiwa, na fundi hulijaza pengo kwa siagi ya shea, ambayo steariki yake hufikia kama asilimia 40, au kwa siagi ya kakao, au kwa steariki iliyokwisha kuchujwa. Mafuta ya nyonyo huongeza utelezi. Mafuta ya nazi, ambayo karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, huleta povu jingi na la haraka, lakini yakizidi hukausha ngozi. Kwa mtu wa kunyoa kila siku, mimi huikwepa sabuni ambayo nazi ndiyo mafuta ya kwanza kutajwa kwenye orodha ya viungo, kwa sababu orodha hiyo huanza na kilicho kingi.

Kama unakwepa mafuta ya wanyama kwa imani au kwa hiari yako, tazama neno "tallowate" kwenye kifungashio: hiyo ni shahamu. "Palmate" ni mawese na "cocoate" ni nazi. Steariki ndiyo inayohitaji uangalifu, kwani huweza kutoka kwenye mimea au kwa ng'ombe, na jina lake halibadiliki. Tafuta maelezo ya mtengenezaji kwamba ni ya mimea tupu.

Mbona povu langu linakauka kabla sijafika kidevuni?

Mara nyingi kosa ni la maji, sabuni haina hatia. Mtu anachovya brashi, anaikung'uta, anaizungusha sekunde tano, anapaka. Sabuni zenye shea na steariki nyingi zina kiu kuliko hapo.

Loweka brashi dakika mbili tatu, ikamue kidogo, kisha izungushe juu ya sabuni nusu dakika nzima, mpaka ncha zake zishike uji mzito unaonata. Sasa ongeza maji, matone machache kwa wakati, huku unakoroga kwenye bakuli au shavuni kwenyewe. Mwanzoni povu litakuwa jeupe lisilo na mng'ao, na ukilibana kati ya kidole gumba na cha shahada linakatika vipande. Usiishie hapo. Ongeza maji, koroga tena. Litafika mahali linang'aa kama mtindi, na ukilichota kwa ncha ya kidole linaacha kilele kidogo kilichoinama. Pametosha. Likianza kutiririka shingoni, umezidisha.

Kuna kipimo kingine ninachokiamini zaidi. Pitisha wembe mara moja shavuni, kisha gusa palepale kwa kidole kilicholowa. Kikiteleza, utando wa sabuni umebaki na ngozi bado imefunikwa. Kikikwama, usirudishe wembe hapo kabla hujapaka upya. Povu kubwa hupendeza kwenye kioo, lakini ngozi inalindwa na utelezi, na sabuni nzuri za mimea huacha utelezi hata pale povu lake linapoonekana dogo.

Ndevu zenyewe nazo zinahitaji maji. Unywele mkavu ni mgumu kukata. Ukiloa maji ya uvuguvugu kwa dakika mbili au tatu hulainika, na wembe hauhitaji nguvu. Nyoa baada ya kuoga, au weka taulo lililoloa usoni kwanza.

Maji ya kwangu ni magumu. Nifanyeje?

Kalisi na magnesi zilizomo kwenye maji magumu huikamata sabuni na kuigeuza ule utando wa kijivu unaoganda kwenye karai. Sabuni iliyokamatwa haitoi povu. Steariki huathirika sana, kwa hiyo utajikuta unatumia sabuni nyingi zaidi. Lakini povu la uso mmoja halihitaji hata kikombe kizima cha maji. Chemsha kiasi hicho, yaache yatulie, umimine ya juu, au tumia maji safi ya mvua. Maji ya bomba yabaki ya kusuuzia.

Ngozi inakaza na kuchoma nikimaliza. Ni mzio?

Pengine si mzio. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo: pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali ambacho katikati yake ni 7, ni karibu 5. Sabuni halisi, ya mimea au ya shahamu, iko kwenye 9 au 10. Ikikaa muda mrefu huondoa mafuta ya asili ya ngozi, na ngozi huchukua saa kadhaa kurudi hali yake. Kwa hiyo usiache povu likaukie usoni, suuza vizuri, kausha kwa kugusisha taulo bila kusugua, na upake losheni isiyo na manukato ngozi ikiwa bado na unyevu. Gliserini inayobaki ndani ya sabuni za kienyeji husaidia kidogo, lakini haitoshi kuwa mbadala wa losheni.

Ukiona wekundu, uvimbe au muwasho usioisha, hasa siku moja au mbili baada ya kutumia sabuni mpya, hapo shuku mzio. Mshukiwa wa kwanza ni manukato.

Lakini kifungashio kinasema ni ya asili.

Mafuta ya kunukia ya malimau, mchaichai au lavenda ni ya asili kweli, na yana limonini na linalooli, ambazo zinajulikana kuleta mzio wa ngozi. Neno "asili" linakueleza kitu kilikotoka, halikuelezi ngozi yako itakipokeaje. Anza na isiyo na harufu. Ukitaka yenye harufu, paka povu kidogo ndani ya mkono karibu na kiwiko, suuza baada ya dakika chache, rudia kwa siku kadhaa kabla ya kuipeleka usoni.

Je, itaniondolea vipele vya ndevu?

Hapana, na hapa naomba unisikilize, maana inaniuma kuona kijana ananunua sabuni ya tatu na ya nne huku shingo yake inazidi kuwa nyeusi na yenye makovu. Vipele hivi huwapata zaidi wenye nywele za kujisokota, na kiini chake ni namna unywele unavyokatwa. Wembe huuacha na ncha kali. Unywele ukikua hujipinda, ukaichoma ngozi na kuingia ndani. Mwili huuona kama mwiba, unavimba. Nyembe za tabaka nyingi huzidisha tatizo: unywele huvutwa kabla ya kukatwa, kisha masalia yake hurudi chini ya ngozi.

Povu jema hupunguza mkwaruzo. Haliwezi kubadilisha umbo la unywele. Kinachosaidia ni kunyoa kwa kufuata ndevu zinakolala, kutoivuta ngozi, kutumia wembe wa tabaka moja, au bora zaidi, mashine inayoacha ndevu za milimita 1 au zaidi. Kama vipele vimeshasambaa, acha kabisa kunyoa kwa wiki nne hivi ili nywele zilizonaswa zijinasue. Usizichimbue. Usaha, maumivu au makovu yanayovimba ni ya kumpelekea daktari wa ngozi mapema.

Sabuni si inaua vijidudu kwenye wembe?

Usiitegemee kwa hilo. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kubaki hai nje ya mwili kwa angalau siku 7, na damu usiyoiona kwa macho inatosha kuvibeba. Wembe wa mtu ni wake peke yake, hata kati ya ndugu, hata kati ya mume na mke. Brashi nayo usishirikiane. Ikiwa una kisukari, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, mashine ya umeme ni salama kwako kuliko wembe wowote na povu lolote.

Sabuni naitunzaje?

Iache ikauke wazi kila baada ya kutumia, na brashi uining'inize au uisimamishe mahali penye hewa. Kopo lililofunikwa likiwa na maji ndani huharibu vyote viwili. Mafuta ya mimea yaliyo mepesi huchacha kadiri yanavyokaa. Ukiona madoa ya rangi ya chungwa juu ya sabuni, au ikinuka kama mafuta ya kupikia yaliyokaa, usiipake tena usoni. Oshea karai.