Aria si opera nzima

"Ile opera ya Pavarotti." Ndivyo Nessun dorma, iliyovumishwa na mwimbaji Mtaliano Luciano Pavarotti, inavyotajwa karibu kila inapopigwa, makosa mawili ndani ya maneno manne.

Opera ni tamthilia ambayo wahusika huimba badala ya kuongea, wakiongozana na okestra. Aria ni kipande ndani yake, pale mhusika mmoja anapotoa ya moyoni. Basi.

Nessun dorma ni aria ya tendo la tatu la Turandot, opera ya mtunzi Giacomo Puccini, Mtaliano wa Lucca aliyefariki Brussels mwaka 1924 kabla hajaimaliza. Mtunzi mwenzake Franco Alfano ndiye aliyeikamilisha. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza kwenye jumba la opera la La Scala, Milan, Aprili 1926, kiongozi wa okestra Arturo Toscanini aliisimamisha okestra pale Puccini alipokomea, na usiku ule ukaishia hapo. Pavarotti hakuwa amezaliwa. Aliifikisha kwa mashabiki wa soka kwenye Kombe la Dunia la 1990, na sifa hiyo ni haki yake.

Kinachoniudhi ni kwamba aria ikishachomolewa, watu hudhani ni wimbo wa ushindi tu. Jukwaani mambo ni mengine. Binti mfalme Turandot ameamuru asilale mtu Peking mpaka jina la mgeni anayetaka kumwoa lijulikane, la sivyo watu watauawa. Calaf, mgeni mwenyewe, anajigamba kwamba kukipambazuka atashinda. Katikati ya majigambo, kwaya ya wanawake inasikika kwa mbali: jina lake hakuna atakayelijua, nasi, ole wetu, itabidi tufe. Kwaya hiyo tunaichukulia kama pambo!

Hata ile noti ya juu kwenye "vincerò" (nitashinda), ambayo waimbaji huivuta mpaka ukumbi unasimama, Puccini aliiandika fupi mno. Urefu aliupa noti inayofuata. Wala hakuacha nafasi ya makofi. Okestra inaendelea moja kwa moja, na mawaziri watatu wa Turandot wanamvaa Calaf, wakimrubuni kwa wanawake na mali aondoke zake. Ule mwisho wa kishindo unaousikia kwenye matamasha uliongezwa baadaye.

Majumba ya opera bado yanaionyesha Turandot nzima, sambamba na opera zake nyingine, La bohème, Tosca na Madama Butterfly. Kwa hiyo, ndugu yangu, sema aria ya Calaf, kutoka Turandot ya Puccini. Pavarotti aliiimba, tena vizuri sana.